Jibu kwa msomaji: kulinganisha katriji za santuri kabla ya kununua

Msomaji wetu anaeleza kwamba ana mashine ya santuri ambayo mkono wake una uzito fanisi (uzito ambao sindano huuhisi mkono unapoyumba) wa gramu 12, amplifaya ya fono, yaani ya kukuza umeme mdogo wa katriji, inayopokea katriji za sumaku peke yake (ambazo sindano hutikisa sumaku), na katriji ya bei nafuu iliyokuja na mashine hiyo, yenye sindano ya koni. Sasa anataka kupanda daraja, na amebakiwa na chaguo tatu: katriji ya sumaku yenye sindano ya duaradufu, ya sumaku yenye sindano iliyochongwa kwa makali membamba, na ya koili (ambayo sindano hutikisa koili ya waya) yenye sifa kubwa. Tathmini alizosoma zinapingana, wauzaji hawakubali katriji ifungwe, isikilizwe, kisha irudishwe, na video za ulinganisho alizozisikiliza zimemwacha njia panda. Anauliza: "Nitazilinganishaje ili nijue iliyo bora kabla ya kulipa?"

Ndugu msomaji, swali la ipi iliyo bora halina jibu mpaka litajwe pamoja na mkono, waya na amplifaya vitakavyotumika na katriji hiyo. Katriji ni kifaa kidogo kinachogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme, na kila kilichounganishwa nayo hushiriki kuamua umeme huo utakuwaje. Watathmini wawili wanaoandika kinyume kuhusu katriji ileile, mmoja akisema sauti yake inachoma masikio na mwingine akisema imefifia, mara nyingi wote wanasema kweli; kila mmoja amesikiliza mfumo wake mzima, kisha sifa au lawama yote akaitwika katriji. Ndiyo maana ulinganisho wa maana huanza kwa hesabu, masikio yakafuata baadaye, na hesabu hiyo haihitaji ruhusa ya muuzaji yeyote.

Hesabu ya kwanza ni ya uzito na unyumbufu. Kijiti kinachobeba almasi ya ncha ya sindano hushikiliwa ndani ya katriji na kipande cha mpira, ambacho ulaini wake ndio unyumbufu, na mpira huo ukiungana na uzito wa mkono hupata masafa yake ya asili ya kuyumba, yanayoitwa resonansi. Inapendekezwa masafa hayo yaangukie kati ya Hezi 8 na 12. Yakiwa chini zaidi hukutana na mitikisiko ya santuri zilizopinda na ya hatua za watu sakafuni, na mkono huanza kuyumbayumba juu ya santuri. Yakipanda mno husogelea mwanzo wa muziki wenyewe, karibu na Hezi 20, na kuchafua sauti nzito. Ili kuyapata, jumlisha uzito fanisi wa mkono, uzito wa katriji na uzito wa skrubu zake kwa gramu, zidisha jumla hiyo kwa unyumbufu uliotajwa na mtengenezaji, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha gawanya 159 kwa namba uliyoipata.

Kwa mkono wako wa gramu 12, katriji ya gramu 6 na skrubu za gramu 1, jumla ni gramu 19. Katriji yenye unyumbufu wa 20 itakupa takriban Hezi 8.2, ambayo inakubalika ingawa iko ukingoni. Yenye unyumbufu wa 35 itashuka hadi Hezi 6.2, na hiyo ningeiondoa kwenye orodha hata kama dunia nzima inaisifu, kwa sababu wanaoisifu huenda wana mikono ya gramu 5 au 6. Yenye unyumbufu wa 10 itafika Hezi 11.5, nayo inakufaa. Unaona basi kwamba dakika chache na kikokotoo zinaweza kupunguza orodha yako kabla hujasikia hata noti moja.

Hesabu hii ina mtego ambao wanunuzi wengi hunasa. Watengenezaji wa Ulaya kwa kawaida hupima unyumbufu kwenye Hezi 10, ilhali wengi wa Japani huupima kwenye Hezi 100, na mpira huonekana mgumu zaidi kadiri unavyotikiswa haraka. Kwa hiyo namba ya Hezi 100 inapaswa kuzidishwa kwa kitu kama 1.5 hadi 2 kabla ya kuingizwa kwenye hesabu. Chukua Denon DL-103, katriji ya koili iliyobuniwa Japani miaka ya 1960 kwa ajili ya NHK, shirika la utangazaji la nchi hiyo, na ambayo ingali inatengenezwa. Ina uzito wa gramu 8.5 na unyumbufu wa 5 uliopimwa kwenye Hezi 100. Ukiitumia namba 5 kama ilivyo, mkono wako utakupa zaidi ya Hezi 15, na utadhani katriji hiyo haifai kabisa. Ukiirekebisha iwe karibu na 9, unapata Hezi 11 na ushee. Anayeweka karatasi mbili za vipimo sambamba bila kuangalia masafa ya kupimia analinganisha vitu ambavyo havikupimwa kwa kipimo kimoja.

Hesabu ya pili ni ya umeme, na hapa ndipo migongano mingi ya tathmini inapozaliwa. Katriji ya sumaku ina koili yenye mizunguko mingi ya waya, na kwa hiyo ina indaktansi kubwa (tabia ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo wa umeme), aghalabu kati ya milihenri 400 na 700. Indaktansi hiyo ikikutana na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji, unaopimwa kwa pikofaradi) ya waya za mkono, waya wa nje na mlango wa amplifaya, hutengeneza resonansi nyingine, safari hii ndani ya masafa tunayoyasikia au pembezoni mwake. Katriji ya milihenri 500 iliyounganishwa na jumla ya pikofaradi 200 huwa na resonansi ya umeme karibu na kilohezi 16. Katriji hiyohiyo ikikutana na pikofaradi 400, resonansi hushuka hadi kilohezi 11 hivi, na badala ya mwinuko mdogo uliojificha juu kabisa unapata mwinuko katikati ya matoazi na herufi "s" za mwimbaji, kisha mporomoko mkali baada ya hapo. Mtathmini wa kwanza ataandika kwamba katriji ni tulivu. Wa pili ataandika kwamba inakwaruza. Tofauti yao ni pikofaradi 200, yaani wakati mwingine ni waya mrefu kidogo tu pamoja na amplifaya ya aina nyingine.

Kabla ya kuendelea, basi, tafuta kapasitansi ya mlango wa amplifaya yako katika kitabu chake cha maelekezo, ongeza takriban pikofaradi 100 kwa kila mita ya waya wa kawaida, ongeza kidogo kwa waya za ndani ya mkono, kisha uone jumla inaangukia wapi. Kampuni ya Ortofon hupendekeza pikofaradi 150 hadi 300 kwa mfululizo wake wa katriji za 2M, na ya Audio-Technica hupendekeza 100 hadi 200 kwa katriji zake za mfululizo wa VM95. Mfumo wenye jumla ya pikofaradi 350 unaionea VM95 kabla haijapewa nafasi ya kusikika ilivyo, na ulinganisho wowote utakaofanywa katika mfumo huo utaipendelea 2M kwa sababu zisizohusiana kabisa na ubora wa katriji zenyewe. Ukinzani wa omu 47,000 ni wa kawaida kwa karibu amplifaya zote za katriji za sumaku, na hapo huna la kuhangaika nalo.

Katriji ya koili niliyoiona kwenye orodha yako ninaiweka kando, na nieleze kwa nini ili usidhani ni chuki. Katriji za koili za aina ya kawaida hutoa milivolti 0.2 hadi 0.5, ambapo ya sumaku hutoa 3 hadi 5. Tofauti hiyo ni ya desibeli 20 hivi, na amplifaya yako ya fono haina ukuzaji wa kuifidia. Utahitaji amplifaya nyingine au transfoma ya kupandisha volti, na siku utakapoketi kusikiliza utakuwa unalinganisha mifumo miwili ya ukuzaji, kila mmoja na mvumo wake na mpangilio wake wa ukinzani. Zipo katriji za koili zinazotoa milivolti 2 hivi, ambazo amplifaya yako inaweza kuzipokea, lakini kwa kiasi hichohicho cha fedha ningetafuta kwanza sindano bora kwenye katriji ya sumaku. Maoni yangu, ambayo baadhi ya wenzangu watayapinga, ni kwamba umbo la almasi lina athari ya uhakika zaidi kuliko mabishano ya sumaku na koili.

Umbo hilo linastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndilo jambo pekee katika biashara hii linaloweza kutabiriwa kwa kiasi kikubwa bila kusikiliza. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika huzunguka kwa mwendo usiobadilika, lakini mfereji unaopita chini ya sindano hauna kasi moja. Mwanzoni mwa upande, sentimita 14.6 kutoka katikati, mfereji hupita kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde. Karibu na lebo, sentimita 6 kutoka katikati, kasi hushuka hadi sentimita 21. Sauti ya kilohezi 10 iliyochongwa mwanzoni ina urefu wa wimbi wa mikromita 51, na sauti hiyohiyo karibu na lebo imebanwa ndani ya mikromita 21. Sindano ya koni ina ncha ya duara yenye nusu kipenyo cha mikromita 15 hadi 18, na ncha ya ukubwa huo haiwezi kuingia katika mabonde membamba kiasi hicho. Huruka juu yake, na kile tunachokisikia ni ukungu na mikwaruzo katika nyimbo za mwisho za kila upande.

Sindano ya duaradufu hupunguza nusu kipenyo cha upande unaosoma mawimbi hadi mikromita 8 au karibu na hapo, ingawa zipo za bei nafuu zenye 10, na mtengenezaji mwaminifu hutaja namba hizo. Zilizochongwa kwa makali membamba zaidi, kama Shibata na zile zinazoitwa mikrolaini, hugusa ukuta wa mfereji kwa mstari mwembamba uliosimama wima, kwa hiyo husoma mawimbi mafupi zaidi huku uzito wa sindano, yaani nguvu inayoikandamiza kwenye santuri, ukienea juu ya eneo refu la ukuta. Shibata ilibuniwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya santuri za CD-4 za chaneli nne, ambazo zilibeba mawimbi hadi karibu kilohezi 45. Mfumo wa chaneli nne ulikufa, sindano ikabaki. Kwa upande wa uhai, Audio-Technica hukadiria takriban saa 300 kwa duaradufu zake, 500 kwa koni, 800 kwa Shibata na 1,000 kwa mikrolaini. Tofauti hiyo inabadilisha kabisa maana ya bei: gawanya bei ya sindano kwa saa zake, na mara nyingi utakuta ile iliyoonekana ghali inagharimu pungufu kwa kila saa ya muziki.

Iko pia njia ya kulinganisha maumbo ya sindano bila kubadilisha kitu kingine kikubwa, na nashangaa kwamba haitajwi mara kwa mara. Katika mfululizo wa VM95 mwili wa katriji ni uleule kwa sindano zote, kuanzia koni hadi mikrolaini na Shibata, na sindano huchomolewa na kuchomekwa kwa vidole bila kugusa skrubu wala mpangilio. Kwa Ortofon, sindano ya 2M Blue huingia kwenye mwili wa 2M Red, na ya Black kwenye mwili wa Bronze. Ukianza na mwili mmoja wa namna hiyo na sindano ya bei nafuu, umenunua katriji pamoja na maabara ndogo: indaktansi haibadiliki, kapasitansi haibadiliki, uzito wa katriji haubadiliki. Ulinganisho huo nao si safi kabisa, kwa kuwa kijiti na mpira huja na sindano, na vinaweza kuwa na unyumbufu tofauti. Hata hivyo uko karibu zaidi na ukweli kuliko kulinganisha katriji za kampuni mbili katika nyumba mbili.

Sasa nije kwenye masikio, na adui wa kwanza wa masikio ni kiwango cha sauti. Sauti iliyo juu kidogo tu, hata kwa desibeli 1 au chini yake, msikilizaji haitambui kama sauti kubwa zaidi. Huisikia kama yenye uhai, upana na undani zaidi. Katriji inayotoa milivolti 5.5 ina sauti ya juu kwa karibu desibeli 2.8 kuliko inayotoa 4, na ukibadilisha moja kwa nyingine bila kugusa kitasa cha sauti, ya kwanza itashinda karibu kila mara. Wala usitegemee namba za karatasi kusawazisha kiwango hicho. Kampuni moja hupima kwa kasi ya mtikisiko ya sentimita 5 kwa sekunde, nyingine kwa 3.54, na tofauti ya vipimo hivyo viwili pekee ni desibeli 3. Kiwango kinasawazishwa kwa kupima toni ya kilohezi 1 kutoka kwenye santuri ya majaribio, na tofauti inayovumilika ni sehemu moja au mbili za kumi za desibeli.

Adui wa pili ni muda. Kufungua katriji, kufunga nyingine, kupima uzito wa sindano na kuipanga upya kunachukua nusu saa kwa fundi mzoefu, na kumbukumbu ya sikio kuhusu rangi ya sauti haidumu hivyo. Baada ya nusu saa unachokumbuka ni maneno uliyojiambia kuhusu sauti. Dawa yake ni kurekodi. Kila katriji ichezewe santuri ileile, kwenye mkono uleule, kupitia amplifaya ileile, hadi kwenye kompyuta kwa kifaa cha kuingiza sauti kinachotoa biti 24 na kilohezi 96, na kilele cha sauti kibaki desibeli 6 au zaidi chini ya mwisho ili kisikatwe. Programu ya bure kama Audacity inatosha. Baada ya hapo sawazisha viwango, kata vipande vya sekunde 10 hadi 20, kwa sababu mizunguko miwili ya santuri haiendi sambamba kwa muda mrefu, na usikilize kwa zamu bila kujua kipi ni kipi.

Kusikiliza bila kujua kunawaudhi watu wenye uzoefu, na ninaelewa sababu: hakuna anayependa kugundua kwamba hawezi kutofautisha vitu alivyoviandikia kurasa tatu. Lakini wewe ndiye utakayelipa. Mwachie mtu mwingine au programu ichague kipande kwa bahati nasibu, na wewe ukitambue, mara 16. Ukipatia mara 12 au zaidi, bahati tupu ingefika hapo chini ya mara 4 kati ya 100, na unaweza kuamini kwamba unasikia tofauti ya kweli. Ukipatia mara 8 au 9, hujathibitisha kwamba katriji hizo ni sawa, ila umejua kwamba katika muziki huo tofauti yake haifiki kiwango cha kukutoa fedha nyingi mfukoni.

Utauliza utarekodi vipi katriji usiyokuwa nayo. Mtafute mtu anayeimiliki, awe rafiki au mtu wa mbali, na umwombe arekodi santuri ambayo wewe pia unayo, ya chapa ileile na toleo lilelile kama inawezekana. Mwombe faili isiyobanwa, isiyosafishwa wala kurekebishwa, pamoja na sekunde chache za toni ya kilohezi 1, na akutajie mkono wake, uzito wa sindano, na jumla ya kapasitansi. Kama mtu huyo ana katriji kama yako ya sasa, mwombe airekodi nayo pia kwenye mfumo wake. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa kuwa unaijua katriji yako. Ukiisikia katika mfumo wake utajua ni kiasi gani cha tofauti kinatokana na mfumo, na kiasi kinachobaki unaweza kukipa katriji mpya kwa haki zaidi.

Video ulizozisikiliza sizidharau zote, ila uzitumie kwa yale zinayoweza. Sauti yake hubanwa na tovuti, viwango vyake mara nyingi havijasawazishwa, na kapasitansi haitajwi, kwa hiyo kuhusu mwangaza au utulivu wa sauti za juu hazikuambii kitu kitakachodumu kufika nyumbani kwako. Kinachopita salama ni makosa makubwa. Kama mtu mmoja, kwa mkono mmoja na santuri moja, anaonyesha wimbo wa mwisho wa upande, na sindano moja inapasua kila "s" huku nyingine ikiitamka, hicho kitasikika hata kwenye sauti iliyobanwa, na kitasikika kwako pia.

Kwa hiyo chagua vipande vya kusikiliza kwa akili hiyohiyo. Weka sauti ya mwanamke yenye "s" nyingi karibu na lebo, kwaya kubwa inayoimba kwa nguvu, na kipande chenye utulivu ambamo makelele ya uso wa santuri yanasikika, kwa kuwa sindano zenye makali membamba hugusa sehemu ya ukuta ambayo huenda sindano yako ya koni haijawahi kuigusa, na santuri iliyochoka inaweza kutulia au kufichua madonda mapya. Piano inayotetereka usiihesabu dhidi ya katriji; huo kwa kawaida ni mwendo wa mashine au tundu la santuri lililochongwa nje ya kitovu. Besi nayo isikutawale, maana chumba na spika vina sauti kubwa zaidi katika besi kuliko katriji yoyote iliyofungwa sawasawa.

Nimesema iliyofungwa sawasawa, na hapo pana upendeleo uliojificha ndani ya karibu kila ulinganisho. Sindano ya mikrolaini iliyopinda nyuzi mbili dhidi ya mfereji inaweza kushindwa na duaradufu ya kawaida iliyopangwa vizuri, na mtathmini asiye na subira atatangaza kwamba umbo la gharama ni utapeli. Tumia protrakta, yaani kibao chenye mistari ya kupangia katriji, hakikisha kijiti, na si mwili wa katriji peke yake, kimelingana na mistari katika sehemu zake mbili. Kwa mpangilio maarufu wa Baerwald sehemu hizo ziko takriban milimita 66 na 121 kutoka katikati ya santuri. Pima uzito wa sindano kwa mizani ndogo ya kielektroniki, katikati ya kiwango kilichopendekezwa au juu kidogo, kwa sababu sindano nyepesi mno inayorukaruka huharibu mfereji kuliko iliyokaa kwa uthabiti. Tazama kutoka mbele kama katriji imesimama wima. Kuhusu kimo cha mkono watu huhangaika kupita kiasi: kwa mkono wa milimita 230, kubadilisha pembe ya sindano kwa nyuzi 1 kunahitaji kuupandisha au kuushusha mkono milimita 4 nzima, na tofauti ya unene wa santuri mbili haifiki hata nusu ya hapo.

Kumbuka pia kwamba katriji mbili za jina moja si pacha. Karatasi ya 2M Red inaruhusu tofauti ya hadi desibeli 1.5 kati ya chaneli ya kushoto na ya kulia, na Ortofon si ya ajabu katika hilo. Iliyofika kwa mtathmini huenda ilikuwa na tofauti ya desibeli 0.2, na yako ikawa na 1.3, ikasogeza mwimbaji pembeni mwa katikati. Halijoto nayo hugusa mpira: chumba chenye baridi huufanya mgumu, na sindano hufuata mfereji kwa shida zaidi. Kuhusu madai kwamba katriji mpya haisikiki ilivyo mpaka ipite saa 50, nakubali kwamba mpira hulegea kidogo katika saa za mwanzo, kwa hiyo usiilinganishe siku ya kwanza. Ila katriji ambayo bado hujaipenda baada ya saa 30 usiendelee kuingoja ibadilike. Zilizotumika ningeziacha kabisa isipokuwa zinakuja na picha za almasi chini ya hadubini au unaweza kubadilisha sindano, maana saa za matumizi anazotaja muuzaji hakuna anayeweza kuzihakiki kwa macho.

Kwa hali yako, basi, ningefanya hivi. Ningepima kapasitansi ya mfumo kwanza, na kama inaangukia chini ya pikofaradi 200 ningenunua mwili wa VM95 ukiwa na sindano ya duaradufu, niurekodi pamoja na katriji ya sasa, kisha niamue kama makosa yaliyobaki katika nyimbo za mwisho yananiudhi kiasi cha kulipia sindano ya mikrolaini. Kama kapasitansi iko kati ya 200 na 300, 2M ingekuwa na kipaumbele, kwa utaratibu uleule wa kuanzia na sindano ya chini na kupanda. Pakiti itakapofika, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha, tazama kwa kioo cha kukuza kama kijiti kimenyooka na almasi imesimama, cheza toni ya kilohezi 1 ulinganishe chaneli mbili, na ucheze santuri yenye sauti kubwa zaidi uliyonayo hadi mwisho wa upande. Kasoro ya chaneli ikizidi kiwango kilichoandikwa, badilisha nyaya za kushoto na kulia kwenye mlango wa amplifaya: ikihamia upande wa pili, chanzo kiko upande wa katriji au waya za mkono, na una haki ya kumrudia muuzaji, ikibaki palepale, kagua amplifaya yako kabla ya kumlaumu mtu.